Maisha ya Matone, Fundi Rangi, na Bia Aliyoitafuta

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono leo, familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, mimi mtoto wa kaka yake, kwa sababu mwanawe amefika juzi tu kutoka mbali na sauti haimtoki, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimtembelea siku za Jumamosi. Tarehe nitakazozisoma nimezihakiki kwenye vyeti, na pale ambapo cheti hakikupatikana nimewauliza watu wawili, na walipotofautiana nimemfuata yule aliyekuwepo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Matone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mlinzi wa ghala na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya mizigo, ambacho ukuta wake ulitetemeka kila treni ilipopita na kuangusha chokaa kwenye vitanda. Kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa na miaka mitatu. Wazazi walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo hao wawili walileana wenyewe, mkubwa akimfunga mdogo vifungo vya shati, mdogo akilia mkubwa akichapwa, na bibi yetu alikuwa akiwaambia majirani kwamba hana haja ya kuita majina, maana ukimwita mmoja wanaitika wawili.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akachaguliwa kuendelea na sekondari, na hapo ndipo baba yangu alipoacha shule na kwenda kukanda unga kwenye tanuri la mikate, kwa maelezo kwamba yeye na hesabu walikuwa hawasalimiani, ingawa walimu wake wanasema walikuwa wakisalimiana vizuri tu. Marehemu alihitimu kidato cha nne mwaka 1975, akifanya vizuri katika kemia na vibaya katika uimbaji, somo ambalo mwalimu wake alimwombea ruhusa ya kutolihudhuria.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi za nyumba, akianza kwa kuosha mapipa, kisha akapelekwa kitengo cha kuchanganya, na mwaka 1994 akawa msimamizi wa kitengo hicho hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2018. Kazi yake ilikuwa kupokea kipande cha kitambaa, au kigae, au hata ganda la yai ambalo mteja amelileta akisema nataka ukuta wangu uwe hivi, kisha kutengeneza rangi ileile kwanza kwenye kopo la lita moja na baadaye kwenye mapipa ya lita mia mbili. Jina la Matone alilipata hapo, kwa kuwa wenzake walipokuwa wakimwambia kwamba rangi imeshafika, yeye alikuwa akiinama, akiiangalia kwa ubavu, akisema, "Bado tone moja," na tone hilo likishaingia alikuwa akiomba la pili.

Kuna desturi moja ya kitengo hicho ambayo wenzake waliopo hapa wamenieleza, nami naitaja kwa sababu maisha yake yalikuja kupita njia hiyohiyo. Unga fulani wa rangi ukiisha ghalani, fundi hamwambii mteja. Anachukua unga mwingine, anapiga hesabu ya nguvu yake, anapunguza hapa na kuongeza pale mpaka jicho lisione tofauti, na mteja anaondoka na kopo lake akiwa na furaha. Msimamizi mwenzake ameniambia, "Dada, fundi mzuri ni yule ambaye mteja hajui kwamba kuna kitu kilikosekana." Marehemu alikuwa fundi mzuri kwa miaka thelathini na tisa.

Alifunga ndoa tarehe 22 Juni 1985 na mama yetu mdogo, mshonaji wa mapazia, mwanamke aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe, na mwaka 1988 walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, huyu kaka yangu aliyekaa pale, ambaye leo ni fundi wa majokofu ya melini. Waliishi katika nyumba ya vyumba vitatu kwenye barabara ya mafundi viatu, ghorofa ya chini, jiko likitazama ua.

Sasa nafikia jambo ambalo nimeomba ruhusa kulisoma hapa, na kiongozi wetu wa ibada ameniruhusu, akisema yeye hanywi lakini masikio yake hayana nadhiri.

Mwaka 1983 fundi mgeni aliyekuja kufunga mashine kiwandani, alipokuwa akiondoka, alimwachia marehemu ndoo moja yenye mfuniko, mpira mwembamba wa kunyonyea, na mfuko wa hopsi, yaani yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Marehemu aliupeleka mfuko huo kwa kaka yake kwenye tanuri la mikate, kwa kuwa kaka ndiye aliyeijua hamira, na Jumapili moja, tanuri likiwa limepoa, wakachemsha kimea cha shayiri kwenye sufuria kubwa ya kuoshea trei, wakatia maua, wakapoza, wakatia hamira, na baada ya wiki tano wakafungua chupa ya kwanza. Baba yangu anasema hawakuongea. Waliangaliana tu, kisha marehemu akaenda kufunga mlango.

Kuanzia hapo wakawa na mapishi yao ya lita ishirini, mdogo akipima na mkubwa akionja, na hopsi yao ile wakaipa jina la Bi Mkubwa, kwa sababu kila walipojaribu nyingine, walirudi kwake. Ilikuwa hopsi isiyo na makali, yenye harufu ya nyasi kavu na ganda la limau kwa mbali, na walikuwa wakiinunua kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya bia za nyumbani. Bia hiyo ilinyweka kwenye ubatizo wa binamu zangu wa upande wa mama, ilinyweka marehemu alipopanda cheo, ilinyweka baba yangu aliponunua tanuri lake mwenyewe katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na hata baada ya kuhama huko alikuwa akirudi kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya sufuria. Mama mdogo alikuwa akisema kwamba aliolewa na mwanamume mmoja na nusu.

Mwezi wa nane mwaka 2013 wazazi wangu walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na baba yangu, ambaye si mtu wa kujisifu, kwa hilo moja alijisifu, akawaambia wageni miezi miwili kabla kwamba watakunywa kitu ambacho hakiuzwi popote. Marehemu alikwenda dukani akaambiwa kwamba Bi Mkubwa hayupo, shamba lililokuwa likimlima limeng'oa mashina yote na kupanda aina nyingine, na hatakuja tena. Akafanya alichokuwa akikifanya kila siku kazini. Alichukua hopsi mpya yenye uchungu mara tatu ya ule wa Bi Mkubwa, akagawa kwa tatu, akapika, akafunga chupa, akazileta kwa basi zikiwa zimefungwa kwa taulo, wala hakumwambia mtu.

Hesabu ya uchungu ilikuwa sahihi. Lakini uchungu wa hopsi ni kitu kimoja na harufu yake ni kitu kingine, na hopsi ile mpya ilikuwa na tabia ambayo karatasi ya mfuko haikuiandika, kwamba ikikaa kwenye chupa ilitoa harufu ya kitunguu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nikipitisha sahani, na nilimsikia mgeni wa kwanza akiuliza kwa upole kama glasi zimeoshwa pamoja na vyombo vya jikoni, kisha shemeji mmoja, ambaye hana upole, akasema, "Nani kakatia kachumbari humu?" na meza nzima ikacheka. Baba yangu alionja, akaiweka glasi chini. Akasema mbele ya watu wote, "Mdogo wangu, umeninywesha nini mimi na wageni wangu?"

Marehemu akajibu, "Hesabu ziko sawa, kaka."

"Sikukuuliza hesabu. Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Hayupo. Nimempatia mwenzake."

"Na ukanyamaza."

Yaliishia hapo. Nimewauliza waliokuwepo kama kulikuwa na matusi, kama kulikuwa na jambo la zamani lililofufuliwa, na wote wamesema hapana, ilikuwa ni hiyo tu. Marehemu alikunja taulo zake akaondoka na basi la mchana, akimwacha mama mdogo amalizie sherehe, na mwisho wa mwezi ule baba yangu hakwenda kwenye sufuria, wala mwezi uliofuata, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, na kusubiri huko kukazoeleka.

Mama mdogo aliaga dunia tarehe 3 Mei 2015 kwa ugonjwa wa ghafla wa mishipa ya kichwa. Baba yangu alikuja kuzika. Walisimama upande huu na upande ule wa kaburi, wakapeana mikono kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, na wote wawili, nimekuja kujua baadaye, walikuwa wameandaa la kusema. Mwaka uliofuata mwana wa marehemu alipata kazi ya melini, na nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja, ambaye alifunga viwili na kuhamishia kitanda sebuleni ili asitembee gizani bila sababu.

Nilianza chuo kikuu mwaka 2017, katika mji huu wake, nikawa napita kwake siku za Jumamosi. Nilimkuta akipika bia peke yake. Hakuwa akipika ili anywe, maana alikuwa akinywa glasi moja na kuiosha. Alikuwa akimtafuta atakayesimama mahali pa Bi Mkubwa, kwa maelezo aliyonipa mara moja tu, akiwa amenipa mgongo na kijiko mkononi, kwamba siku atakapoipata ile bia yenyewe atampelekea kaka yake chupa, kaka ataonja, na yatakuwa yamekwisha bila mtu kulazimika kusema kitu. Akaniambia, "Usimwambie mpaka iwe yenyewe. Nimeshampelekea isiyo yenyewe mara moja." Hicho ndicho alichokitaka katika miaka yake ya mwisho, na sikumjua kutaka kitu kingine chochote.

Lita ishirini ni chupa sitini, na mtu mmoja hawezi kukosea chupa sitini kila mwezi, kwa hiyo aliyapunguza mapishi mpaka lita nne. Mtu aliyetumia maisha yake kukuza rangi kutoka kopo hadi pipa alidhani kupunguza ni kugawa kwa tano, akagawa kila kitu, kimea, hopsi, maji, na kilichotoka kilikuwa kizito kama dawa ya kikohozi. Sufuria kubwa ilikuwa ikipoteza lita nne kwa mvuke katika saa moja ya kuchemka, yeye akaitengea sufuria ndogo upungufu wa chini ya lita moja, kumbe moto wa jiko haukujua kwamba mapishi yamepunguzwa, ukakausha lita mbili. Alicheka sana siku aliponieleza hayo, akasema angekuwa amemfukuza kibarua kwa kosa hilo. Ndoo ya zamani nayo ilikuwa kubwa mno, bia ikawa inachachuka humo na hewa tele juu yake, ikachukua ladha ya karatasi iliyoloa, mpaka akanunua chupa pana ya kioo. Mizani yake ya jikoni haikuweza kupima gramu sita za maua, akaenda kwa jirani yetu sonara, ambaye alimruhusu kupimia kwenye mizani ya dhahabu, na wateja wa pete waliozoea kusubiri wanakumbuka mzee mmoja akija na kifuko cha majani yenye harufu, akikipima kwa kibano, akishukuru na kuondoka.

Alijaribu hopsi moja moja, kisha mbili mbili. Moja ilikuwa na nyasi bila limau, akaiita Shemeji. Nyingine ilikuwa na limau lakini ilipiga kelele, akaiita Wifi. Akazichanganya, theluthi mbili na theluthi moja, akabadilisha dakika za kuzitia, akabandika kila chupa utepe wenye namba, na kila Jumamosi alikuwa akinimiminia kidogo, anakaa mbele yangu, mikono juu ya meza, ananitazama koo.

"Inakuambia nini?"

"Nzuri, baba mdogo."

"Nzuri ni neno la wageni."

Nilijitahidi nimpe maneno mengine, nikasema ina nyasi, ina limau, ina mkate kidogo, lakini sote tulikuwa tukijua shida iko wapi. Mimi ile ya zamani sikuwahi kuionja, mwanawe alikuwa akinywa soda mpaka anaondoka nyumbani, mama mdogo alikuwa ameondoka, na sonara alikuwa akisema "Safi kabisa, mzee" kabla hata povu halijatulia. Ulimi wa marehemu mwenyewe ulikuwa umeonja majaribio mengi hata ukaanza kumchanganya. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeweza kumwambia kama amefika, na huyo ndiye aliyekuwa akingojwa mwishoni mwa safari, hakuweza kuulizwa njiani. Mara nyingine akishaosha glasi alikuwa akisema, kama anayejisemea, "Baba yako angenyamaza kwanza. Akinyamaza, unajua kuna kitu."

Nami nikirudi nyumbani likizo, baba yangu alikuwa akikata mikate huku ameelekea ukutani, anauliza, "Huyo mtu wako anakula?" Nasema anakula. Jumamosi marehemu naye anauliza, "Goti la baba yako vipi?" Nasema linauma kwenye ngazi. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya miaka saba, goti na chakula.

Ugonjwa ulianza kujitokeza mwezi wa kumi mwaka 2022, miguu ikimvimba na pumzi ikimwishia kabla ya kufika dukani, na baada ya vipimo madaktari walieleza kwamba moyo umepanuka na umechoka. Akaandikiwa dawa, akapimiwa maji ya kunywa kwa siku, na bia akakatazwa kabisa. Aliitii amri hiyo kwa namna yake, yaani aliendelea kupika, akichovya ncha ya kijiko, akiiweka ulimini, na kutema. Kupanda kiti kuchukua sufuria kulimshinda, akaishusha sakafuni, na mimi Jumamosi nikawa nainua vitu, nikifunga vizibo, nikibandika tepe.

Alilazwa tarehe 28 Januari 2024. Siku ya tisa hospitalini, alipokuwa hawezi tena kulala chali, aliniambia nimwite kaka yake, kisha akaongeza kwa wasiwasi, "Lakini haijawa yenyewe." Nilimpigia baba. Hakuuliza swali. Nilisikia tu akimwambia mtu azime tanuri.

Baba alifika Jumanne, tarehe 6 Februari, asubuhi, na kwa kuwa muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa bado nilimpa funguo akapumzike nyumbani kwa mdogo wake. Yaliyofuata amenieleza mwenyewe na amekubali niyasome. Aliingia jikoni akakuta meza yenye kiti kimoja, na kabatini chupa zilizopangwa kwa namba, akachukua ya namba kubwa kuliko zote, akaketi kwenye kile kiti, akainywa yote taratibu mpaka mwisho, saa nne za asubuhi, akiwa na koti lake mwilini.

Saa saba mchana aliingia wodini. Hakusalimia. Alivuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha mdogo wake, akanyamaza, na marehemu akafumbua macho, akauona ule unyamavu, akangoja. Kisha baba akasema, "Siyo yenyewe."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na nilitamani nimfunike mdomo baba yangu. Lakini marehemu alitabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona Jumamosi yoyote, akasema, "Najua. Imekosa nini?"

"Mwanzo uko sawa. Uchungu uko sawa. Mwisho ndio umeniacha."

"Umekuacha wapi?"

"Hapa kwenye koo. Bi Mkubwa alikuwa akiaga, anakaa kidogo, anaaga tena. Huyu wako anaondoka kama mdaiwa kodi."

"Nimemtia dakika kumi za mwisho."

"Umemchemsha, maskini. Mtie ukishazima moto."

"Gramu ngapi?"

"Usiniletee gramu. Konzi moja."

"Konzi yako au yangu?"

Muuguzi alikuja akasema mgonjwa anatakiwa apumzike, baba akamjibu kwamba huyu hajapumzika tangu azaliwe na hataanza mbele ya kaka yake, na muuguzi, ambaye yupo hapa leo, akaenda zake akicheka, akatuachia saa nzima juu ya muda uliopangwa. Walibishana habari ya hopsi mbili zile, ipi itangulie, na kama hamira ya siku hizi ina haraka kuliko ya zamani, marehemu akisema maneno matatu na kuvuta pumzi, baba akimngojea. Mwishoni baba alisema, akiangalia shuka, "Ungeniambia tu kwamba hayupo."

"Ungekataa nisipike."

"Ningekataa. Tungewapa wageni chai."

Marehemu alifikiri, akasema, "Chai ingetosha," na tulipotolewa mkubwa alikuwa akimfungia mdogo kifungo cha juu cha shati la hospitali, ambacho hakikuwa na haja ya kufungwa.

Jumatano hakuweza kuzungumza, ila alikuwa akitusikia. Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya ndugu yeyote kuruhusiwa kuingia, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mtoto mmoja, mjukuu mmoja, kaka mmoja na watoto wa kaka watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule aliyetuongezea saa moja. Tunamshukuru jirani yetu sonara kwa mizani yake, na kwa kugonga mlango wa marehemu kila asubuhi bila kusingizia sababu. Tunawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, wa sasa na wastaafu, waliokuja na gari lao na waliolipaka jeneza usiku wa kuamkia jana rangi ambayo hawakutaka kutuambia wameichanganya na nini. Tunawashukuru majirani wote wa barabara ya mafundi viatu kwa viti, maji na subira.

Watu wameuliza kuhusu chupa zilizobaki kabatini. Hazitagawiwa. Baba yangu amesema atapika tena mwezi ujao, lita nne, kama ilivyoshauriwa wodini, na kwamba sasa shida ni nyingine, kwa kuwa ikija kuwa yenyewe atakayejua ni yeye peke yake, na hatakuwa na mtu wa kumwambia.

Ameniomba pia nisome neno moja kwa niaba yake, na nilisome mbele ya watu, kwa sababu lile la zamani alilisema mbele ya watu. Anasema bia ya siku ile ilikuwa inanuka kitunguu, na hilo halifuti. Ila alipaswa kuinywa. Alipaswa kuinywa yote, pale mezani, wageni wakitazama, halafu amfuate mdogo wake jikoni wakagombane huko, wawili.

Baba mdogo, lala kwa amani.